Filamu si Adui wa Fasihi

Wapo walimu wa fasihi ambao hukunja uso kila mwanafunzi anapotaja filamu. Kwao, sinema ni upuuzi unaowapotezea vijana wakati na kuwatenga na vitabu. Siwalaumu sana, kwa kuwa filamu za ovyo ni nyingi mno. Hata hivyo, naona hukumu yao imepita kiasi, na shahidi wangu ni mwigizaji wa Misri, marehemu Faten Hamama.

Bi. Faten alizaliwa mwaka wa 1931. Alikuwa bado mtoto alipoigiza katika filamu ya "Yawm Said" ya mwaka wa 1940, pamoja na mwimbaji mashuhuri Mohammed Abdel Wahab. Wengi nje ya nchi za Kiarabu humtaja tu kama aliyekuwa mke wa Omar Sharif. Huko ni kumpunja. Sharif alipoingia katika sinema mwaka wa 1954, ni Bi. Faten aliyekuwa nyota tayari.

Lililo muhimu zaidi kwetu ni kwamba alizitumikia riwaya. Mwaka wa 1959 aliigiza katika "Dua al-Karawan", iliyotokana na riwaya ya Taha Hussein. Humo yeye ni Amna, msichana ambaye dada yake ameuawa na mjomba wao kwa kisingizio cha kulinda heshima. Mwaka wa 1965 ikafuata "Al-Haram", kutoka kwa riwaya ya Yusuf Idris. Alimwigiza Aziza, kibarua wa mashambani aliyenajisiwa alipokwenda kumtafutia viazi mumewe mgonjwa. Filamu zote mbili ziliongozwa na Henry Barakat. Je, ni Wamisri wangapi wasiojua kusoma walioyafikia mawazo ya waandishi hao kwa njia hiyo?

Isitoshe, kuna "Uridu Hallan" ya mwaka wa 1975, yaani "Nataka Suluhisho". Bi. Faten ni mke anayehangaika mahakamani akidai talaka ambayo mumewe anamnyima, na mwishowe anashindwa. Filamu hiyo ilizusha mjadala mkali nchini Misri. Sheria ya ndoa ilirekebishwa mwaka wa 1979, na mwaka wa 2000 mwanamke akaruhusiwa kujivua ndoa kwa kurudisha mahari. Sisemi kwamba filamu peke yake ilileta mageuzi hayo, maana wanawake wa Misri walikuwa wameyapigania kwa muda mrefu. Nasema iliwafanya wengi waone kwa macho yao dhuluma waliyokuwa wameizoea.

Basi nawasihi walimu wasiifukuze filamu darasani. Wanafunzi waisome riwaya kwanza, tena yote, ndipo waitazame filamu iliyotokana nayo. Kisha waulizwe: Ni nini kilichoachwa? Kwa nini? Mwigizaji ameyaelezaje kwa uso mawazo ambayo mwandishi aliyatumia kurasa nzima? Mwanafunzi anayeweza kuyajibu maswali hayo amekwisha kuwa mhakiki. Nao wanafunzi wasijidanganye kwamba kuitazama filamu ni sawa na kukisoma kitabu.

Bi. Faten alifariki dunia Januari 2015. Wahenga walinena kuwa mdharau biu hubiuka. Tukiendelea kuidharau sinema, tutawaachia wauzaji wa filamu za ovyo kazi ya kuwafundisha watoto wetu jinsi ya kuutazama ulimwengu.