Rosa Haondoki Klabuni

Eti tuiache Rosa Mistika. Ndiyo maneno yanayozunguka kijijini kwetu hapa Nyarugusu tangu klabu ya kusoma ianze riwaya hiyo: "Ile kitabu inaharibisha watoto." Wazazi watatu wameshawatoa mabinti zao. Wengi wanaosema hivyo hawajasoma hata ukurasa mmoja.

Wazee wangu, hoja hiyo si mpya. Euphrase Kezilahabi alipoitoa riwaya hii mwaka 1971, nayo ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda. Je, mabinti waliacha kupata mimba kwa sababu kitabu kimefungiwa kabatini?

Kitabu chenyewe kinasema nini? Rosa ni binti wa Namagondo, Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi. Mama yake, Regina, ndiye anayehangaika na nyumba. Zakaria anagundua barua ya mvulana, anampiga Rosa vibaya. Anadhani amemlinda, kumbe amemfundisha kuogopa tu. Rosa akifika mbali na fimbo ya baba, hajui ajilinde vipi. Sasa niambieni: hapo nani kaharibu mtoto?

Zakaria tunaye hapa kambini. Unga wa mgao unauzwa, pombe inanunuliwa, mama anakwenda kuni. Binti akionekana anaongea na kijana bombani, fimbo. Tunayaona, tunanyamaza, maana ni ya jirani au ni ya nyumbani kwetu. Yakiwa ya Ukerewe, mdomo unafunguka. Wiki iliyopita binti wa miaka 16, ambaye kwenye semina hajawahi kunyoosha mkono, alibishana nusu saa nzima kama Regina angemwacha mume wake. Huyo ndiye mnayetaka arudi kunyamaza?

Nanyi ndugu zetu wa mashirika, mkija mnauliza, "Ujumbe wa kitabu ni upi?", karatasi ya mahudhurio mkononi. Vijitabu vyenu vina picha na jibu moja. Tunavipokea, tunasaini, tunaenda zetu. Riwaya haina jibu moja, ndiyo maana Alhamisi vijana wanarudi bila kuitwa na bila soda.

Wazazi, njooni Alhamisi saa kumi jioni. Kaeni, sikilizeni sura moja ikisomwa kwa sauti, kisha mtupinge. Hapo tutabishana kwa heshima. Lakini marufuku ya mtu ambaye hajasoma, hiyo hatuipokei.