Televisheni Isiishie Kutuonyesha Wengine

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2021, Jean-Michel Jarre, Mfaransa aliye bingwa wa muziki wa vinanda vya umeme, alifanya onyesho lililorushwa kwa televisheni na kwa intaneti kutoka Paris. Alikuwa na umri wa miaka 72. Watazamaji waliliona kanisa kuu la Notre-Dame, lililoungua moto tarehe 15 Aprili 2019 na ambalo wakati ule lilikuwa likitengenezwa upya. Lakini ndani ya kanisa lenyewe hapakuwa na mtu. Jarre alikuwa katika studio mjini humo humo. Kanisa lililoonekana lilichorwa kwa kompyuta, na hata umbo lake yeye lililosimama humo lilikuwa la kompyuta. Kilichokuwa kweli ni muziki, uliopigwa kwa mikono saa ile ile.

Sinema ya onyesho hilo inapatikana hata leo, na mtu aliye Katesh au Mbulu mjini mwenye simu yenye chaji anaweza kuitazama. Sisi tulioitazama wilayani Hanang tuligawanyika. Wako waliosema kwamba hiyo ni kazi ya mashine tu, wala si muziki. Wako waliosema kwamba huo ndio muziki wa kesho, na kwamba ngoma za wazee wetu zimekwisha wakati wake. Tunaona kuwa pande zote mbili zimekosea, na kosa hilo linafaa kuchunguzwa, maana wapo viongozi wenye mamlaka wanaofikiri vivyo hivyo.

Kwanza, mtambo si adui wa urithi. Jarre alijulikana duniani mwaka 1976 kwa santuri iitwayo Oxygène, aliyoirekodi katika studio ndogo nyumbani kwake. Tarehe 14 Julai 1979 alipiga mbele ya umati uliokadiriwa kufika watu milioni moja katikati ya Paris. Oktoba 1981 alialikwa na Jamhuri ya Watu wa China akafanya maonyesho Beijing na Shanghai. Wachina hawakuridhika kukaa na kushangaa mitambo ya mgeni. Wanamuziki wa chuo cha muziki cha Beijing walikaa jukwaa moja naye na ala zao za jadi, na kinanda cha umeme kikaenda sambamba na nyuzi za kale. Mwenyeji alimpokea mgeni huku naye ameshika chake mkononi.

Wasomaji wetu wa Visiwani hawahitaji kwenda China kupata ushahidi. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950, na lau si sahani zile leo tungekuwa na sifa zake tu, bila ya sauti yake. Kadhalika, mwanzoni mwa miaka ya 1970, chini ya uongozi wa Mzee Aboud Jumbe, Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi wakati Bara haikuwa na televisheni ya aina yoyote. Serikali ya Muungano iliona kwamba redio ndiyo iliyomfikia mkulima, na televisheni ikangoja. Vituo vya Bara vilianza mwaka 1994. Kwa hiyo, kwa miaka ipatayo 20, Mzanzibari alikuwa akiwaona wapiga taarabu wake kwenye kioo, huku mwenzake wa Mbulu akisikiliza redio ya betri.

Tofauti hiyo ya miaka 20 imeacha alama. Taarabu ilipoingiza vinanda vya umeme kwa nguvu katika miaka ya 1990, wazee walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na haki ndani yake. Lakini taarabu ya zamani haikupotea, kwa sababu ilikwisha kurekodiwa, ilikuwa na vikundi vyake kama Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, na tangu mwaka 2002 ina chuo mjini Unguja kinachoifundisha. Mabadiliko yaliikuta ina mizizi. Je, yatazikuta ngoma za Mbulu na Hanang zikiwa na nini?

Wilaya hizi mbili si masikini wa sanaa. Wataalamu wa lugha wanazitaja nchi hizi za Mbulu na jirani zake kuwa ni mahali pa pekee Afrika, kwa kuwa hapa na kandokando yake zinakutana lugha za asili nne mbalimbali: Kiiraqw, ambacho ni Kikushi; lugha ya Wadatoga, ambayo ni ya Kinilo; lugha za Kibantu; na Kihadza cha bonde la Yaeda, chenye sauti za kidoko. Kila lugha ina nyimbo zake na namna yake ya kuimba. Wairaqw wana slufay, maneno ya dua na baraka ambayo mzee mmoja huyatamka kwa ufasaha mkubwa huku hadhara ikiitikia. Ni mali ya taifa zima, lakini aghalabu imehifadhiwa katika vichwa vya watu wenye umri mkubwa, na kila mazishi ya mzee hupunguza hazina hiyo.

Televisheni inazijua wilaya hizi kwa sura gani? Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliiangukia Katesh na vijiji jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Kamera zilifika, na zilifanya kazi njema, maana taifa liliona na likasaidia. Lakini si haki kwamba Mtanzania wa Pemba au wa Mtwara aijue Hanang kwa tope peke yake. Watu walioonekana nchi nzima wakilia wanastahili kuonekana pia wakiimba.

Hapa ndipo onyesho la Paris linapotupa fundisho la pili, lililo kubwa kuliko la kwanza. Jarre aliweza kupiga katika kanisa tupu kwa kuwa muziki wake hauhitaji mwitikiaji. Kompyuta ilimpa ukumbi, na vinanda vikampa sauti zote. Slufay haiwezi kufanywa hivyo. Ukimchukua mzee mmoja ukamweka studio mbele ya kipaza sauti, umechukua nusu ya kazi na kuitupa nusu nyingine, kwa sababu hadhara si mtazamaji bali ni mshiriki. Ndivyo ilivyo pia kwa ngoma inayokatwa dakika tatu kumpisha mgeni rasmi, wachezaji wakageuzwa kumtazama mpiga picha badala ya kutazamana wao kwa wao. Hiyo inaitwa kuhifadhi, lakini kwa kweli ni kubomoa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wahusika mambo matatu. La kwanza, maofisa utamaduni wa Mbulu na Hanang wapewe vifaa na usafiri ili kurekodi kufanyike vijijini, mbele ya hadhara yenyewe, kwa urefu wake wote, na kwa ridhaa ya wazee. Yale ambayo wazee watasema si ya kuonyeshwa, yasionyeshwe. La pili, nakala moja ibaki wilayani, ili mtoto wa Dongobesh au Basotu asilazimike kwenda Dar es Salaam kumsikia babu yake. La tatu, haki za wenyewe zilindwe. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ya Bara ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Sheria isiyofahamika kijijini haimlindi mwanakijiji.

Yupo atakayesema kwamba wilaya zenye haja ya maji, barabara na zahanati haziwezi kutumia fedha kwa kurekodi nyimbo. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini barabara iliyochelewa mwaka huu inaweza kujengwa mwaka ujao, na wimbo uliozikwa na mwenyewe hauchimbuliwi kwa bajeti yoyote. Na gharama inayozungumzwa ni ya kamera, vipaza sauti na mafuta ya gari.

Visiwani nako kuna wajibu. Waliotangulia kuwa na televisheni wana mafundi na wana uzoefu wa miaka mingi wa kurekodi hadhara inapoimba. Muungano hauishii katika mikutano ya viongozi. Fundi wa Unguja akipanda hadi Mbulu kumfundisha kijana wa huko kushika kamera, atakuwa ameutumikia kwa vitendo, na ni vyema akaja mapema, kabla wazee hawajatutoka.