Moli Si Zimwi

Wanafunzi wenzangu, hebu tuambizane ukweli. Hesabu za moli zikitajwa darasani, nusu yetu huinama chini ya dawati eti tunatafuta kalamu. Mimi pia. Muhula uliopita niliulizwa gramu 4 za haidroksaidi ya sodiamu ni moli ngapi. Nikagawanya 40 kwa 4, nikaandika 10 kwa maringo! Fomula nilikuwa nimeikariri, ila sikujua inahesabu nini.

Kumbe jambo lenyewe ni la dukani. Fundi hahesabu msumari mmoja mmoja. Hupimiwa kwa kilo. Chembe nazo ni ndogo mno, kwa hivyo tunazipima ili tuzihesabu. Dazeni ni 12, moli ni 6.022 × 10²³, basi. Moli moja ya kemikali ile ina gramu 40: sodiamu 23, oksijeni 16, haidrojeni 1. Sasa gramu 4 zitatoaje moli 10, jamani? Jibu ni 0.1. Hata mama wa sukuma wiki angenicheka.

Ndiyo maana nasema tunakosea kuanza na fomula. Walimu wetu, kwa heshima, tupeni mizani kwanza. Tupime chumvi gramu 58.5, tuione moli moja kikombeni. Ile pembetatu ya kufunika kwa kidole ingoje wiki ya pili.