Tamaa ya Miji

Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda kupumzika ng'ambo hana adui wa mapumziko aliye karibu naye kuliko ramani. Ramani huikusanya miji ya nchi nzima juu ya meza moja, na mtazamaji akadhani kuwa kilicho karibu kwa kidole ni karibu kwa mguu pia. Na watwaliwe kwa mfano mume na mke walioweka akiba miaka kadhaa ili wakae Roma siku kumi bila ya haraka. Siku walipoikunjua ramani waliiona Florence juu kidogo, Venice juu zaidi, na Milan upande wa kushoto. Jamaa na marafiki wakawashauri kwa sauti moja: ongezeni. Ushauri huo ni mbaya, na ubaya wake wastahili kuonyeshwa, maana hutolewa kwa nia njema na hupokewa kwa furaha.

Hoja ya kwanza ya washauri ni wepesi wa treni. Ni kweli kuwa treni za kasi za Italia hutoka Roma zikafika Florence kwa kiasi cha saa moja na nusu, na kutoka Florence mpaka Venice ni zaidi kidogo ya saa mbili. Lakini hiyo ni hesabu ya treni, si hesabu ya msafiri. Msafiri hufunga mizigo, hurudisha ufunguo wa chumba asubuhi, huburuta masanduku mpaka stesheni, hungoja, hupanda, hushuka, hutafuta hoteli asiyoijua, kisha huambiwa kuwa chumba hakitakuwa tayari mpaka alasiri. Treni imekula saa moja na nusu. Kuhama kumekula siku. Malazi ya usiku kumi yana siku tisa kamili baina ya kufika na kuondoka. Miji mitatu ikiongezwa, watu huhama mara tatu, zikabaki siku sita kwa miji minne. Na kama ndege ya kurudi huondokea Roma, wahama mara ya nne, zikabaki tano. Hiyo ni kazi ya uchukuzi isiyo ujira.

Hoja ya pili ina uzito, na aidharauye hajapata kusimama mlangoni pa ubalozi. Mtanzania haingii Ulaya kwa kutaka tu. Ada ya viza ya Schengen imekuwa yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, nayo hairudishwi mwombaji akikataliwa. Juu ya ada kuna karatasi za benki, barua ya mwajiri, bima, na ushahidi wa mahali pa kulala. Aliyepita katika tanuru hilo husema: nani ajuaye kama nitapewa tena? Na kwa kuwa viza moja humfungulia nchi 29, huona ni ujinga kutosheka na mji mmoja.

Uchungu huo ni wa haki, ila hitimisho lake si sawa. Kitu kisichotumainiwa kupatikana mara ya pili hakimezwi bila kutafunwa. Kama mume na mke hawa hawataiona Ulaya tena, basi ni heri zaidi kwao warudi na mji mmoja wanaoujua njia zake, sauti zake za asubuhi, na uso wa mwuza kahawa aliyekwisha kuwazoea, kuliko kurudi na picha za stesheni nne. Viza ni ruhusa, si amri. Akimbiaye huku na huku kwa hofu ya kunyimwa mara nyingine amemwachia karani wa ubalozi ampangie mapumziko yake.

Venice yenyewe imekwisha kutoa hukumu yake katika shauri hili. Mwaka wa 2024 mji huo ulianza, kwa siku zilizochaguliwa za msongamano, kumtoza ada mgeni ajaye kushinda na kuondoka, ukamsamehe ada hiyo yule alalaye.

Wasomi wana hoja ya tatu, nao huileta kwa majivuno: kwamba wasafiri mashuhuri wa tarehe walipita miji mingi. Hutajwa Ibn Battuta, aliyefika pwani hii mwaka wa 1331. Naam, alilala Mombasa usiku mmoja, kisha akaenda Kilwa. Katika usiku huo mmoja aliona ndizi na samaki wanaoliwa, misikiti ya mbao, na watu wanaoosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Hapana budi kukiri kuwa yalikuwa macho makali. Walakini masimulizi yayo hayo yaiweka Mombasa mwendo wa siku mbili baharini kutoka nchi ya Sawahili, na hali kisiwa hicho kimetengwa na bara kwa mkono mwembamba wa bahari ambao mtumbwi huuvuka upesi. Wataalamu wameyageuza maneno hayo huku na huku ili kumwokoa. Yamkini kosa ni la kumbukumbu, kwa kuwa safari zake ziliandikwa na Ibn Juzayy miaka mingi baadaye. Lakini mvuvi yeyote angalimsahihisha asubuhi ya pili, na asubuhi ya pili haikuwako. Tena yeye alikuwa na karibu miaka thelathini ya kusafiri. Hawa wana siku kumi.

Goethe ni shahidi mwema zaidi. Mwaka wa 1786 aliipita Florence kwa kiasi cha saa tatu tu, kwa shauku ya kufika Roma, na huko Roma akakaa miezi. Hakuona haya kuuacha mji mkubwa nyuma yake.

Na Roma haiishi kwa siku tisa. Iko Testaccio, kilima cha zaidi ya mita 30 kilichojengeka kwa vigae vya mitungi ya mafuta, mingi ya Hispania na mingine ya Afrika ya Kaskazini. Karibu na uwanja wa kale wa mashindano ya magari ya farasi kuna jengo la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambalo lilijengwa kuwa wizara ya makoloni ya Italia. Mbele yake ilisimama nguzo ya Aksum, iliyotekwa Ethiopia na kuletwa Roma mwaka wa 1937. Ilirudishwa kwao 2005 na kusimamishwa tena 2008. Mwafrika apaswa kusimama pale kitambo, atazame mahali ilipokuwa. Ratiba ya miji minne haina nafasi ya kutazama nguzo isiyokuwapo.

Wakiichoka Roma siku ya saba, Naples ni mwendo wa saa moja na dakika chache kwa treni. Waende asubuhi, warudi jioni, masanduku yakiwangoja chumbani.