Ahadi za visima: tuulize pia kinachochimba

Uchaguzi wa 2027 unakaribia na hapa Pwani kila baraza lina ahadi ya kisima. Mtambo unaletwa juu ya lori, picha zinapigwa, kompresa inanguruma siku mbili tatu, kisha tunaambiwa maji hayapo au yametoka ya chumvi. Tunalaumu ardhi. Mimi naona tungeanza kuuliza kuhusu uchimbaji wenyewe.

Visima virefu vya kwenye mwamba siku hizi huchimbwa zaidi kwa nyundo ya hewa. Kompresa inasukuma hewa kupitia vyuma virefu hadi kwenye nyundo iliyo chini kabisa ya shimo, na pistoni iliyomo ndani inapigapiga kichwa cha kuchimbia. Usoni mwa kichwa hicho kuna vifungo vya tangsteni kabaidi, na ndivyo vinavyopasua jiwe. Kichwa huzunguka polepole tu, ili vifungo vipige mahali papya. Hewa hiyo hiyo hupuliza unga wa mawe juu. Ikiwa haitoshi, nyundo inabaki kutwanga unga wake yenyewe na mwisho inakwama.

Sasa njoo kwenye ardhi yetu. Mariakani hadi Taru ni mawe ya mchanga, na mchanga hula chuma. Huko vifungo vyenye umbo la nusu gololi hudumu zaidi. Vile vilivyochongoka hushuka haraka kwenye mwamba laini, lakini kwenye mgumu huvunjika mapema. Kichwa kikilika pembeni, shimo linazidi kuwa jembamba na mabomba ya kuzuia kuta hayaingii. Ndipo utasikia "mwamba mkaidi", na kichwa kimekwisha zamani! Ni kweli pia kwamba chumvi ya bara si kosa la fundi kila mara. Kile kijiji cha baada ya Mariakani hakikuitwa Maji ya Chumvi bure.

Ufuoni, kuanzia Diani hadi Malindi, sehemu kubwa ni matumbawe. Nyundo inayapita upesi, ila yana mapango, hewa inapotelea humo na unga haupandi. Fundi mzuri hutumia povu, au hushusha bomba pamoja na nyundo.

Lakini hatari kubwa ya ufuoni ni kina. Maji baridi huelea juu ya maji ya bahari. Kwa makadirio ya wataalamu, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake. Ukivuka hapo, ni chumvi. Karibu na bahari akiba hiyo ni nyembamba. Sasa mlipe mkandarasi kwa mita, mpe nyundo inayokimbia kwenye jiwe laini, halafu ushangae amepitiliza. Kisima kilichokwishafika kwenye chumvi ni kazi kukiokoa, na kinaweza kuharibu maji ya majirani.

Kwa hiyo mkataba ukiletwa kijijini, kamati ya maji ianze na kibali cha WRA na ripoti ya upimaji wa ardhi. Kipenyo cha kichwa kipimwe mbele yao kabla ya kazi na baada yake, na sampuli za unga ziwekwe kila baada ya mita chache. Malipo ya mwisho yasubiri jaribio la kupampu na kipimo cha chumvi. Kikao cha maoni kuhusu bajeti ya kaunti kikiitishwa, nitadai masharti haya yaandikwe kwenye zabuni.