Simba "Kubwa" na Wajibu wa Wanakiswahili

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'aa gizani. Je, ni nani anayeviteulia viumbe vya Afrika Mashariki majina ya kung'aa?

Msingi wa majina ya kisayansi uliwekwa na msomi wa Uswidi, Carl Linnaeus, kupitia vitabu vyake vya mwaka 1753 kuhusu mimea na 1758 kuhusu wanyama. Kila kiumbe hupewa majina mawili: la jenasi na la spishi. Aghalabu watu hudhani kwamba Kilatini pekee ndicho kinachokubalika. Dhana hiyo ni potovu. Kanuni huruhusu neno la lugha yoyote, mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini. Ndiposa mwaka 1970 mmea wa pwani ambao ua lake, kilua, hupendwa na akina mama kwa manukato yake, ukaitwa Mkilua fragrans.

Mwaka 2019, Matthew Borths na Nancy Stevens walieleza mnyama mla nyama aliyeishi magharibi mwa Kenya takriban miaka milioni 22 iliyopita, ambaye taya lake lilihifadhiwa katika makavazi ya Nairobi. Walimwita Simbakubwa kutokaafrika. Hiyo ni heshima kwa Kiswahili. Hata hivyo, mwanafunzi yeyote wa sarufi atashtuka, kwani ngeli ya A-WA hudai "simba mkubwa". Isitoshe, mnyama mwenyewe hakuwa simba. Hilo la pili linasameheka, maana sitiari ni desturi ya majina. La kwanza halisahihishiki tena, kwa kuwa kanuni hulinda tahajia ya awali.

Wapo watakaodai kwamba jina la kisayansi ni kitambulisho tu, lisilowajibika kwa sarufi. Lakini kanuni zizo hizo hudai kivumishi cha Kilatini katika jina la spishi kipatane na jinsia ya jenasi. Ikiwa lugha isiyo na wazawa wa kuizungumza huheshimiwa hivyo, Kiswahili kimekosa nini?

Lawama si za wanasayansi pekee. Katika vyuo vyetu, idara za Kiswahili na za zoolojia hutenganishwa na ua tu, ilhali ni nadra kushauriana. Wanakiswahili hawana budi kubisha hodi huko kabla ya jina kuchapishwa, si kulalamika baadaye. Mgeni amekuja na heshima; mwenyeji naye asikae kitako.