Kabla ya kuwakagua wenzetu, tukague daftari letu

Makamanda, leo naomba tujiseme wenyewe.

Mwezi uliopita niliandika skripti, yaani programu fupi ya Python, ya kuondoa majina yanayojirudia kwenye daftari la wanachama wa tawi letu. Nikaiendesha moja kwa moja kwenye faili halisi. Kumbe wanaotumia namba moja ya simu iliwahesabu mtu mmoja! Mama na binti zake wawili, akabaki mama peke yake. Na kesho yake ni uchaguzi wa tawi. Aisee, bila nakala aliyokuwa nayo katibu kwenye flashi, mabinti wale wangekosa kura kwa mkono wangu.

Sasa nina masharti. Skripti ianze kwa kutunza nakala. Ionyeshe itakachofuta, isubiri mtu akubali. Kila badiliko liandikwe: nini, lini, nani. Nywila isikae ndani yake. Na kwa katibu asiyejua kuandika amri, nimetengeneza kidirisha kwa Tkinter chenye vitufe viwili tu, Kagua na Futa. Futa hakibonyezeki mpaka ubonyeze Kagua.

Mtasema huo ni urasimu. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa za watu ziwe sahihi na salama, na sisi inatuhusu. Tunadai daftari la wapiga kura liwe wazi, tena tuko sahihi. Ila tukiulizwa nani alifuta jina kwenye la kwetu, tuwe na jibu.